Jumapili Niliyokupeleka Madhabahuni

Kibokoni, Ijumaa usiku

Kadzo mwanangu,

Usishtuke kuuona mwandiko wangu. Najua tangu uzaliwe sijakuandikia kitu kirefu kuliko vile vikaratasi ninavyobandika kwenye friji za watu: usiwashe mpaka nirudi. Begi lako liko karibu na mlango, umelifunga tangu alasiri, na shangazi yako amekwisha kukueleza habari za maji ya kuchemsha, neti, jua la Lodwar na wanaume wa Lodwar. Sitayarudia. Alichokisahau shangazi yako hakipo duniani.

Mimi nina moja tu, nalo nimelizunguka miaka mingi. Nimeona niliandike kwa sababu wanijua: nikifungua mdomo, maneno hugeuka mahubiri. Kuna siku niliuliza chumvi iko wapi nikamaliza kwa Amina. Ulicheka mpaka ukapaliwa na wali. Ulikuwa mdogo, na mama yako alikuwa hai.

Juzi uliponiambia umekata tikiti ya Jumamosi, nilikupandishia sauti. Kanisa lilikuwa limepanga kukuaga Jumapili, kwa kuwa si jambo dogo kwetu, binti wa fundi friji kwenda kuanza kazi ya uuguzi. Mchungaji alikuwa ameniambia kila kitu: uitwe mbele, wazee wakuwekee mikono, kisha mimi nishike kipaza sauti niseme neno la baba. Hilo neno nilikuwa nimeshaanza kulitunga, nalitamka peke yangu nikipanda ngazi za watu na vifaa begani. Ndipo ukaja na tikiti yako. Nikasema, "Jumamosi? Na watu wamejiandaa! Akina mama wamekununulia kitenge!" Ulikuwa ukikunja nguo, hukuinua uso. Ukasema, "Ndiyo sababu naondoka Jumamosi, Baba."

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningepata la kukujibu. Nilishuka nikakaa barazani, nikaelewa kwamba umeikimbia siku yenyewe ili nisikupeleke tena pale nilipokupeleka. Aibu ilinishika hata salamu za wapita njia zikanishinda, nami hapa mtaani najulikana kwa salamu ndefu.

Basi wacha niseme, maana hatujawahi kulizungumza hata mara moja.

Mama yako tulikuwa tumeshamzika Kaloleni, na zile wiki za watu kuingia na kutoka zilikuwa zimekwisha. Nyumba ilikuwa imebaki na sisi wawili. Ilikuwa Jumamosi, wewe una miaka kumi na mitano, tuko juu darini kwenye kamba za kuanikia, tunachagua nguo zake, hizi za kugawa, hizi za kuweka. Ukaichukua ile leso yake ya manjano, ukaiweka usoni, ukasema bila ya kunitazama, "Baba, nikisali sisikii kitu. Naona nasema peke yangu. Sijui kama Mama yuko mahali." Kisha ukaongeza, "Usimwambie mtu."

Nikakujibu, "Haya yatabaki hapa hapa, mwanangu." Ndivyo nilivyosema. Ningependa nisiyakumbuke maneno yangu, lakini nayakumbuka, hata sauti niliyoyasemea.

Kesho yake tukaenda kanisani. Wajua ilivyo kwetu. Kabla ya mahubiri huulizwa nani ana ombi, na kipaza sauti hupita safu kwa safu. Huyu ana goti, huyu ana kesi ya shamba, huyu mumewe amerudia pombe. Kuna uzuri wake, siukatai. Mama yako alipolazwa, watu tusiowajua vizuri walikuja na uji kwa sababu ya ombi lililotajwa pale. Lakini tumejizoesha na jambo moja baya. Siri ya mtu tukiiita ombi, tunaona imekuwa safi. Hatusemi tunamsengenya fulani, twasema tunamwombea.

Kipaza sauti kiliponifikia, nilisimama. Nikasema, "Ndugu zangu, nyumba yangu inapigwa. Adui amemchukua mama, sasa anaitaka imani ya mtoto. Binti yangu mwenyewe ameniambia hawezi tena kusali." Nikasikia kanisa zima likivuta pumzi. Nitakuambia ukweli, Kadzo, ingawa unaniumbua: niliposikia ile pumzi, nilifurahi. Nilijua nimewashika. Nikaendelea, nikaeleza habari ya darini, nikaeleza habari ya leso, na mwisho nikakuita mbele kwa jina lako.

Ulikuja. Mtoto wa umri ule angekimbilia wapi? Ulikuwa umejitanda leso ile ile mabegani. Wazee wakakuzunguka, mikono kichwani, mikono mgongoni, kila mmoja anasali kwa nguvu zake, na leso ikateleza ikaanguka chini. Niliiona. Niliviona viatu vya Jumapili vikiikanyaga. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi, sikuinama. Wakakuuliza, "Waamini?" Wakazidisha sala, wakakuuliza tena, mpaka ukasema, "Naamini," kwa sauti ya mtu anayetaka kuachiliwa. Kanisa likapasuka kwa vigelegele. Ukapiga magoti, nami nikawaambia watu, "Tazameni, anasali!" Ulikuwa unaiokota leso ya mama yako.

Baadaye nilikupeleka ufukweni Mama Ngina, kama tulivyokuwa tukifanya watatu Jumapili. Nikakununulia mihogo, nikamwambia muuzaji atie ndimu na pilipili nyingi, kana kwamba umefaulu mtihani. Ukaishika ile karatasi ya mihogo mpaka ikapoa, ukiangalia maji. Mimi nikazungumza njia nzima ya kurudi. Wiki hiyo akina mama walikuja nyumbani mmoja mmoja na mashauri yao, na kila aliyeingia alikutazama kama mgonjwa. Uliwapa chai, ukawaitikia.

Tangu siku hiyo umenijibu kila nilichokuuliza, na hujaniambia kitu nisichokuuliza. Ilinichukua muda kuligundua hilo, kwa sababu mimi ni mtu wa maneno, na mtu wa maneno hudhani nyumba ina mazungumzo maadamu yeye mwenyewe anasema. Ulikuwa ukija kanisani, ukikaa safu ya nyuma karibu na mlango, nami nikiwaonyesha watu kwa kidole: yule pale binti yangu, Mungu amemrudisha. Ulikuwa hujarudi, na mimi ndiye niliyekufukuza.

Jana nilikuwa chini kwa Bi Zuhura, natengeneza friji lake. Ametupangisha juu ya nyumba yake tangu wewe hujaanza shule, na najua jioni nyingi ulishuka kwake kabla sijarudi kazini, na hata baada ya kurudi. Nikamuamkia, tukaulizana hali mpaka zikatosha. Halafu, kichwa kikiwa nyuma ya friji ili asiuone uso wangu, nikamuuliza, "Bi Zuhura, Kadzo akija hapa hukwambia nini?"

"Hunambia yake."

"Yepi?"

"Yake, n'shakwambia. Na wewe wataka uyafanyie nini?"

Nilijifanya natafuta bisibisi. Akasema, "Baba Kadzo, mtoto akikupa neno lake kakupa amana. Mimi siitoi, hata kwa babake. Ningekuwa naitoa, angerudi kwangu?" Kisha, kana kwamba hakusema neno kubwa, "Na hilo friji litaganda lini? Nna samaki wangu hapa."

Usimlaumu, hakutoa hata tone. Lakini nilirudi juu nimenyong'onyea. Mama huyu kila alfajiri anaswali swala yake, mimi najiita mtu wa maombi, na mtoto wangu kwa miaka yote hii amekuwa akilitafuta sikio la kumwekea siri kwake. Nilikuwa nimeshamsikia mtu mmoja kanisani akinong'ona kwamba huenda yule bibi anakuvuta kwenye dini yake, nami sikumkanya. Hilo nalo naomba unisamehe. Hakukuvuta popote. Alikuwa akinyamaza tu, jambo ambalo baba yako hakuliweza.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Hayo ya juu unayajua, au umeyakisia. Hili hulijui, wala halijui mchungaji wala shangazi yako.

Lile ombi halikuwa lako. Lilikuwa langu.

Kabla ya ile siku ya darini, mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kusali. Tangu hospitali. Nilikuwa nimemwomba Mungu amwache mama yako, niliomba kwa sauti, kwa kufunga, kwa kila namna ninayoijua, na akafa Jumanne asubuhi nimeenda kununua maji. Toka hapo, nikiwa na watu nilisali vizuri kuliko zamani, machozi yakitoka. Nikiwa peke yangu chumbani nilikaa kitandani na mikono mapajani, sina neno. Nilikuwa nikiogopa kulala. Nilidhani nimepoteza kila kitu, yeye na Mungu wake, na kwamba nimebaki na kelele zangu tu.

Halafu wewe ukaja, mtoto, ukaliweka wazi kwa sentensi tatu jambo ambalo mimi nilikuwa nikijificha nalo. Nilipaswa kukukumbatia nikuambie, "Hata mimi, mwanangu." Maneno matatu tu. Badala yake nilikupa ahadi tu. Na asubuhi yake niliposimama, nilikuwa nataka kuombewa mimi. Nilihitaji ile mikono iwe kichwani mwangu. Lakini mzee wa kanisa kama mimi atasemaje mbele ya watu kwamba hasikii kitu? Nikakutanguliza wewe. Nikalisema la kwangu kwa jina lako, ukapelekwa ukasimamishwa pale niliposhindwa kusimama mimi.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, Kadzo. Kuvunja ahadi ni sehemu tu. Nilijificha nyuma ya jina lako ili nisionekane sina imani.

Utauliza kama siku zote hizi nimekuwa mnafiki kamili. Mwanzo, ndiyo. Baadaye kuna kitu kilinibadilisha polepole, nami nitakueleza bila kukipamba, na ukiona nimeanza kuhubiri ruka mistari.

Unajua tunavyotafuta gesi ya friji inapovujia. Unapaka povu la sabuni kwenye mrija, kisha unakaa unalitazama. Hakuna kingine cha kufanya. Ukiwa na haraka hutaona kitu, ukizungumza na mwenye nyumba hutaona kitu. Unakaa sakafuni mpaka kipovu kimoja kivimbe. Siku moja nilikuwa kwenye duka la sharubati hapa hapa Kibokoni, nimekaa namna hiyo, mwenye duka ameenda msikitini na mtaa umetulia. Nikajikuta nasema, si kwa sauti, "Bwana, sina neno." Basi. Sikuongeza kitu, na kwangu mimi hilo peke yake ni muujiza. Sikusikia jibu. Lakini sikutaka kuinuka pale. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kwamba kunyamaza hakukunitisha.

Ikawa desturi yangu. Kila nikipaka povu, nasema hilo hilo, au nasema nimechoka, au nataja jina la mama yako. Hapo ndipo nilipomwelewa Mbeyu, mama yako. Wakumbuka alivyokuwa akipepeta mchele huku midomo ikitembea, hakuna kinachosikika. Nilikuwa nikimtania, "Mungu atakusikiaje hivyo?" Naye akinijibu, "Kwani nasema na wewe?" Miaka yote nilidhani ananitania na yeye.

Faraja nimeipata hapo, mwanangu, nakuambia kweli. Si kubwa, ni ya kunifikisha jioni. Lakini uongozi nao ulikuja, na huo sikuupenda. Kila nilipofumba macho kuomba nionyeshwe njia, nilikuona wewe umepiga magoti unaokota leso. Nikafungua macho, nikajifanya sikuona. Nikaomba mambo mengine: kazi, afya, ada yako ya chuo. Leso ikarudi. Nilimwambia mchungaji kwamba Mungu amenyamaza, kumbe alikuwa akinionyesha kitu kimoja tu, naye hakubadilisha. Mpaka juzi na tikiti yako.

Kwa hiyo sikuambii uamini. Sina haki tena ya kukuuliza swali hilo. Huko uendako utakaa na wagonjwa, na kuna siku utatoka wodini ukiwa huna neno. Usijilazimishe kusikia kitu ili umfurahishe mtu, wala usifikiri umetupwa. Kaa tu. Nikikumbuka ile jioni ya darini naona wewe hukuwa umeacha kusali. Kule kuweka leso usoni na kusema husikii kitu, hiyo ilikuwa sala ya kweli kuliko zote zilizosaliwa nyumba hii mwaka ule. Mimi ndiye niliyeikatiza.

Unaona? Nimeanza. Wacha nirudi.

Leo mchana nilikwenda kwa mchungaji. Nikamwambia hutakuwepo Jumapili. Akasema si neno, tutamwombea akiwa njiani, wewe utasimama utueleze habari zake. Nikasema hapana. Akangojea niendelee, kwa kuwa hajawahi kunisikia nikiishia kwenye neno moja. Sikuendelea. Nilikuwa nimewaza kusimama mbele ya kanisa niungame haya yote, nikaona huo ni ujanja wangu ule ule. Ningelia, wangelia, ningeketi nimekuwa shujaa, na wewe ungekuwa umevuliwa nguo mara ya pili. Kipaza sauti kikinifikia Jumapili, nitampa aliye kando yangu.

Asubuhi tutasimama mlangoni, kama tunavyofanya kila mtu wa nyumba hii anaposafiri. Safari zote mimi ndiye niliyesali, na ndefu, mpaka mama yako akaachwa na basi. Kesho nitanyamaza mpaka wewe uniambie. Ukitaka kusali wewe, nitaitikia. Usipotaka neno, nitabeba begi tu twende zetu Mwembe Tayari kwenye basi, na Bi Zuhura atakuaga kwa dua zake, nazo nitaziitikia pia.

Na siku yoyote ukiniambia jambo, liwe la furaha au la kunitisha, halitatoka. Najua ahadi hiyo nilishakupa mara moja. Ndiyo maana leo nimekupa na la kwangu ulishike. Haya niliyoyaandika ni yangu mwenyewe, sikumchukulia mtu. Ukitaka kuyachana, yachane. Ukitaka kumsomea mtu, msomee na unitaje jina. Sitakuuliza.

Nimeona leso ya mama yako umeifunga kwenye mpini wa begi. Fundo lenyewe limelegea, nami sikuligusa kwa sababu si langu. Kesho nitakuwa na mizigo mikono yote miwili. Ikianguka njiani, nitaiweka mizigo chini, niiname niiokote.

Baba